NVR inazunguka kwenye logo na kamera ya getini imepotea baada ya apdeti kukatwa na umeme, msaada wakuu

mtaalamu_wa_ngazi
Wakuu habari za jioni. Nina mteja hapa Morogoro ana gesti, nilimfungia kamera za Hikvision kitambo, NVR (mashine inayorekodi picha za kamera) ya chaneli nane na kamera saba za IP zinakula umeme kwenye swichi ya PoE (inayopeleka umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao). Sasa kijana wake kaona kwenye simu imeandika kuna toleo jipya akabonyeza apdeti, kabonyeza ya NVR na ya kamera ya getini kwa mpigo, na katikati ya hiyo shughuli umeme ukakatika, UPS hakuna. Umeme uliporudi NVR inaleta logo, inakaa kidogo, inajizima, inawaka tena, logo, inajizima, ndo hivyo hivyo kutwa nzima. Kamera ya getini haionekani kabisa. Zile sita zingine nikizifungua kwa laptopu zina picha safi tu.

Kuna mafundi wameiangalia wamesema famwea (programu ya ndani) ya NVR imekufa nibadilishe bodi, na bei ya bodi haiko mbali na NVR mpya. Nasikia kuna kuifufua kwa TFTP, yaani kuilisha faili la famwea kwa mtandao toka kwenye kompyuta. Nani ameshafanya kwa mikono yake? Maelekezo ya kueleweka tafadhali, Yutubu ni muziki mwingi na mkono unaoziba skrini.

sufuria_tupu
Nenda Kariakoo mkuu kanunue nyingine, hapo unajisumbua bure

mzee_waya
Asinunue kitu bado. Mkuu tulia kwanza, hayo ni matatizo mawili na wewe umeyafunga kwenye furushi moja kwa sababu yametokea siku moja.

NVR ambayo famwea imeharibika mara nyingi inaganda sehemu moja, au haitoi picha kabisa, au inapiga mlio na kukaa hapo hapo. Hiyo ya kwako inawaka, inafika pale inapoanza kuamsha diski, inajizima, inaanza upya. Mimi hapo naangalia umeme kabla sijagusa kompyuta. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12 kwa sekunde chache, na hizi NVR ndogo zinakuja na adapta ya ampea 2 au 3 hivi, sasa adapta imekula miaka ya umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo, kapasita zake zimechoka, ukiipima na testa ikiwa peke yake inakupa 12 safi kabisa, ukiibebesha mzigo inaporomoka hadi 9 au 10 na bodi inajizima. Fundi anaona 12 kwenye testa anasema adapta nzima basi ni famwea. Nimeona bodi nzima kabisa zikitupwa kwa staili hiyo.

Fungua mfuniko, chomoa diski nyaya zote mbili, ya umeme na ya data, washa. Ikikaa bila kujizima unajua mchawi ni adapta au diski yenyewe, na hiyo unaitenganisha kwa kuweka adapta nyingine ya volti 12 yenye ampea 4 au 5.

Kamera ni kesi nyingine. Weka SADP (programu ya Hikvision ya kutafuta vifaa vyao kwenye mtandao) kwenye laptopu, laptopu na kamera ziwe kwenye swichi moja, subiri dakika kadhaa, halafu niambie inaonekana kwa IP gani na toleo gani la famwea. Hilo toleo ndo nalitaka zaidi.

mtaalamu_wa_ngazi
Mzee wangu shikamoo kwa heshima zote. Nimechomoa diski NVR imewaka na kukaa, menyu zote zipo, toleo ni lile lile la zamani, kumbe apdeti yake haikuwahi hata kuanza. Nikaazima adapta ya ampea 5 ya zile taa za mkanda, nikarudisha diski, inarekodi kama kawaida. Mteja kaanza kunitengenezea chai.

Kamera sasa. SADP inaiona, IP inasema 192.0.0.64 na toleo V4.0.8 na hapa ndo sielewi maana kabla ya apdeti hii kamera ilikuwa 5.4 na kitu. Imerudi nyuma?

mzee_waya
Marahaba. Haijarudi nyuma. Hiyo 4.0.8 ni mfumo mdogo wa dharura uliomo ndani ya kamera, famwea kubwa ikishindwa kuwaka kamera inaingia huko na kukaa inasubiri kulishwa. Kwa hiyo butloda (kiprogramu kinachoamsha kamera mwanzo kabisa) ni nzima, poti ya mtandao ni nzima. Kamera isingeonekana SADP kabisa ndo ungekuwa na sababu ya kuhuzunika.

TFTP ya Hikvision ni hivi. Ile programu yao wanaiita tftpserve, iweke kwenye folda fupi kama C:\TFTP na faili la famwea liwe humo humo, jina lake lazima liwe digicap.dav bila nyongeza yoyote. Laptopu ipe IP 192.0.0.128 kwa mkono, maski 255.255.255.0, geti acha wazi. Washa programu kwanza, halafu ndo ukate umeme wa kamera na kuurudisha. Kamera ikiwaka, kwa sekunde chache tu inaulizia kama kuna mtu pale 192.0.0.128, ikijibiwa inaanza kuvuta faili. Dirisha litaandika imeunganishwa na 192.0.0.64, litapiga mstari wa nukta, mwishoni litasema mfumo umemaliza kuapdetiwa. Hapo usiguse. Kamera inaandika kwenye chipu na baadaye inajiwasha yenyewe.

Na ikishamaliza funga hiyo programu, ukiiacha wazi kamera ikijiwasha inakutana nayo tena na kuanza kujiflashi, yaani kujiandikia famwea, upya.

kijana_wa_luthuli
Niaje wadau, mimi ni wa Nairobi. Mzee amesema vizuri lakini kuna mambo yatakusumbua hapo kati wacha niongezee.

Usichomeke kamera moja kwa moja kwa laptopu na adapta yake. Ukizima kamera, poti ya laptopu inaona waya umekufa, ukiwasha Windows inachukua sekunde zake kuamsha ile poti na kukubali IP, na kufikia hapo kamera imeshauliza, imekosa jibu, imeenda zake. Weka swichi katikati. Swichi inabaki hai muda wote, laptopu haijui kama kamera imezimwa. Watu wanaosema TFTP haifanyi kazi wengi shida ni hii tu. Kama swichi ni ya PoE, chomoa kebo ya kamera na kuirudisha, basi.

Zima Wi-Fi. Zima fayawoli ya Windows yote na antivairasi kama unayo, si ile ya kubofya ruhusu pekee, maana mbali na TFTP yenyewe kuna salamu inapitia poti ya UDP 9978 na fayawoli huibana kimyakimya. Na hakikisha Windows haikufichi mwisho wa jina la faili, nimeona msee akihangaika kumbe faili lake ni digicap.dav.zip.

Pia kuna kamera na NVR za miaka ya karibuni haziulizi 192.0.0.128, zinauliza 172.9.18.100. Ukikaa kimya na ile ya kwanza jaribu hiyo kabla hujakata tamaa.

sufuria_tupu
Hii si kamera tena hii ni ndoa, masharti yote hayo

mtaalamu_wa_ngazi
Hahaha sufuria bwana. Wakuu ripoti. Mara ya kwanza kimya, dirisha limekaa tu. Nikazima Wi-Fi na fayawoli, ikaunganika papo hapo, nukta zikatembea, ikaandika imemaliza. Nikasubiri. Kamera ikawaka na SADP ikaniletea... 192.0.0.64, V4.0.8. Ile ile. Nimerudia na faili jingine jipya zaidi, ni hadithi hiyo hiyo. Faili nimelitoa kwenye tovuti yao, la modeli iliyoandikwa kwenye stika, EN (la Kiingereza) kabisa. Sasa hapo?

yakhe_unguja
Yakhe, nisomee namba ya siriali jinsi inavyoonekana ndani ya SADP, siyo ile ya stika. Baada ya jina la modeli na tarehe ya kutengenezwa kuna herufi nne, soma hizo.

mtaalamu_wa_ngazi
Ndani ya SADP ni CCCH. Stika inasema CCWR. Duh

yakhe_unguja
Basi hapo ndipo penye jambo, na wala si umeme wako uliokatika. WR ni kamera iliyotengenezewa dunia nzima, CH ni ya soko la China. Kuna watu huko wanazichukua za China kwa bei ya chini, wanazichezea famwea ili menyu ziwe za Kiingereza, wanabandika stika mpya, zinasafirishwa mpaka kwetu huku. Kamera inafanya kazi vizuri miaka na miaka. Siku ukiipa famwea halisi ya EN inatazama alama ya nchi iliyomo kwenye chipu, inaona haziendani, inakataa kuwaka na kuanguka kwenye ule mfumo mdogo. Kwa hiyo hata umeme ungekuwepo siku ile kamera ingekufa vilevile, kijana wa watu kasingiziwa.

Dawa nyepesi ni kuipa famwea ya CN ya modeli hiyo hiyo, kwenye tovuti ya Hikvision ya China ipo, kwa njia hiyo hiyo ya TFTP. Ukisoma jina la faili lao lina mtindo wa IPC_R6_EN_STD_5.4.5_170123, yaani familia ya bodi, lugha, aina, toleo, kisha tarehe mwaka mwezi siku. Familia ya bodi ifanane na ya kwako, hapo hapana mchezo, R0 haivai nguo ya R6. Menyu zitakuwa za Kichina, ukubali.

Njia ya pili ni kubadilisha ile alama yenyewe kwenye chipu, watu wanaifanya kwa zile za zamani za 2CD2032 na ndugu zake, ila matoleo ya baadaye yameziba na mimi sikushauri kwa kamera ya mteja.

mzee_waya
Yakhe umemaliza. Sikuuliza siriali hapo juu na lilikuwa swali la kuuliza. Mkuu wa ngazi, sasa kabla hata ya kuflashi hiyo, zipitie zile sita zingine kwenye SADP uone herufi zao. Na kwenye simu ya huyo kijana zima habari za apdeti.

mtaalamu_wa_ngazi
Nne ni CCCH, mbili ni CCWR. Zote stika zinasema WR. Duka nililonunua sitalitaja hapa maana sidhani kama na wao walijua.

Nimepata faili la CN, nimeflashi, SADP ikaleta 192.168.1.64 haijawezeshwa, nikaipa paswedi, picha imerudi. Menyu ni Kichina kitupu, brauza inanitafsiria nusunusu lakini alama za picha ni zile zile kwa hiyo napapasa. Shida mpya, NVR inakataa kuipokea, inaandika lugha haziendani.

kijana_wa_luthuli
Iongeze kwa ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za kampuni tofauti, badala ya protokali yao. Ingia kwa kamera, mipangilio ya mtandao, ile ya juu zaidi, sehemu ya itifaki za muunganisho utaona neno ONVIF limeandikwa kwa herufi zetu hata kwa menyu ya Kichina, liwashe na utengeneze mtumiaji wa ONVIF hapo hapo maana toka matoleo ya 5.5 huwa imezimwa na watumiaji wake ni tofauti na admin. Kisha kwa NVR chagua ONVIF, poti 80, jina na paswedi ya huyo mtumiaji mpya. Utapoteza vitu vidogo kama baadhi ya mipangilio ya mwendo lakini picha na kurekodi utapata.

mtaalamu_wa_ngazi
Imekubali buda. Geti linaonekana. Asanteni wote kwa kweli, mzee_waya, yakhe, kijana wa Luthuli, Mungu awazidishie. Uzi msifunge, najua kuna wengine.

dada_rauta
Mimi ndo hao wengine. Nipo Arusha, nina DVR (kama NVR ila ya kamera za waya za kawaida) ya hizi zisizo na jina, bodi imeandikwa Hi3520 na programu yake ya simu ni XMEye. Nayo iliapdetiwa kwa flashi, faili lilikuwa la bodi nyingine, sasa inawaka taa tu, haina picha, feni inazunguka, mtandao haupo. Nimechomoa diski na nimebadilisha adapta kama mzee alivyosema, hakuna. SADP haihusiki hapa najua. Naweza kulehemu kidogo.

mzee_waya
Dada kama unalehemu umeshavuka nusu ya njia. Hizo za Xiongmai (wenye ile XMEye) zenye chipu ya HiSilicon hazina mfumo wa dharura wa kistaarabu kama ule wa juu, inabidi uongee na butloda kwa waya wa siriali.

Tafuta kwenye bodi tundu tatu au nne zilizopangwa mstari, mara nyingine zimeandikwa TX RX GND, mara nyingine kimya. GND unaipata kwa testa ikiwa kwenye mlio, DVR imezimwa, inalia na fremu ya bati. TX ikiwa imewashwa inacheza karibu na volti 3.3 na inayumba sekunde za mwanzo kwa sababu inatema maandishi. Nunua kale kadude ka USB kwenda TTL, ka CP2102 au CH340, hakikisha kapo kwenye 3.3 na siyo 5. TX ya bodi kwenye RX ya kadude, RX kwenye TX, GND kwa GND. Ile ya nne ya umeme USIIGUSE, bodi ina umeme wake. Fungua PuTTY (programu ya kusoma maandishi hayo kwenye kompyuta), kasi 115200, washa DVR. Ukiona herufi za ajabu ajabu kasi siyo hiyo au GND haijashika. Ukiona hakuna kitu kabisa geuza TX na RX kabla hujalaumu bodi.

Maandishi yakianza kushuka bonyeza Ctrl+C mfululizo mpaka isimame kwenye butloda. Hapo andika printenv, nakili kila kitu kinachotoka kwenye faili la maandishi ulitunze, humo kuna MAC ya mashine yako, IP yake na IP ya kompyuta inayoitafuta kwa TFTP, na amri zilizotayarishwa na kiwanda kama da, dr, du. Ukiona zipo, unaweka vipande vya famwea ya bodi HIYO kwenye kompyuta, unatumia programu yoyote ya TFTP, unaita run moja moja. Jina kamili la bodi limechapishwa kwenye bodi yenyewe, siyo kwenye boksi, boksi linadanganya.

Ukiona PuTTY haitoi hata herufi moja na waya uko sawa, butloda yenyewe imefutika. Hapo ni kuisoma chipu moja kwa moja na CH341A (kadude ka USB ka kusoma chipu) na kile kibanio cha miguu minane. 25Q64 ni megabaiti 8, 25Q128 ni 16. Isome mara mbili, linganisha mafaili yafanane kabisa, yasipofanana kibanio hakijashika. Hata kama imeharibika ihifadhi hiyo kopi, MAC na siriali zako zimo humo. Na angalizo, ile CH341A nyeusi ya bei rahisi inatoa volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu ni ya 3.3, wengi wanaitumia hivyo hivyo na chipu inavumilia, mimi nimeifanyia marekebisho.

yakhe_unguja
Na wa Dahua wasiachwe nje. Hizo nazo zina siriali, butloda yake unaisimamisha kwa kubonyeza nyota *, ila mara nyingi hufiki huko. Ikiwaka butloda inatafuta TFTP kwenye 192.168.254.254, inaomba faili linaloitwa upgrade_info_7db780a713a4.txt, na humo ndani unaiandikia amri za kuvuta vipande kimoja kimoja, run dr, run dk, run du na kadhalika. Vipande unavipata kwa kufungua lile faili la .bin la famwea yao, ni zip tu iliyobadilishwa herufi mbili za mwanzo, PK ikawekwa DH.

sufuria_tupu
Swali la kizembe wakuu. DVR ya shangazi dukani inazima mtandao wa nyumba nzima, jamaa kaniambia ina virusi nifute famwea. Nifuate hizi hatua?

kijana_wa_luthuli
Leo sufuria ameuliza kitu cha maana. Kama ni ile familia ya virusi vya Mirai, iliyoangusha Dyn (kampuni ya kuelekeza majina ya tovuti) tarehe 21 Oktoba 2016 kwa kutumia DVR na kamera za watu, hiyo inaishi kwa RAM tu. Ukizima na kuwasha imetoka. Lakini kama DVR bado iko wazi kwa intaneti na paswedi ya kiwandani, inarudi baada ya muda mfupi sana, na famwea utakuwa umeflashi bure. Ingia kwa rauta, futa zile poti zilizofunguliwa kwenda kwa DVR, zima UPnP (inayofungua poti yenyewe), badilisha paswedi, ndo uwashe.

Apdeti zenyewe usizikimbie kabisa lakini. Hikvision kuna tobo la 2017, CVE-2017-7921, na jingine la Septemba 2021, CVE-2021-36260, hilo la pili mtu anaingia bila paswedi yoyote na kuiamuru kamera. Kamera ya WR halisi iapdeti, ikiwa kwa UPS. Zile CCCH za mkuu wa Morogoro ziache na toleo lake, zifungie ndani, intaneti isizione, ziangalie kupitia NVR pekee.

dada_rauta
Mzee nimepata maandishi! Ilikuwa TX na RX kama ulivyosema. Imesimama kwenye butloda na printenv imeleta da, dr, du na IP ya kompyuta 192.168.1.107. Swali moja kabla sijaita run ya kwanza. Diski ya huyu mteja ina rekodi za wizi wa wiki iliyopita, polisi wanazitaka. Kuflashi kutazifuta?

mzee_waya
Kuflashi kunagusa chipu ya kwenye bodi, diski haiguswi, na wewe si umeshaichomoa, iache huko huko nje. Hatari inakuja baadaye. Ukishafufua, mipangilio yote itakuwa ya kiwandani na tarehe itakuwa imerudi nyuma miaka. Ukirudisha diski hapo hapo DVR inaweza kukuuliza uifomati, au ianze kurekodi juu ya zile za zamani. Weka kwanza diski nyingine yoyote chakavu, panga saa na tarehe, zima kurekodi chaneli zote, zima na kuandika upya diski ikijaa, ndo urudishe ile ya mteja. Ikiuliza kufomati jibu hapana. Toa hizo rekodi kwenye flashi, mkabidhi mteja, kisha washa kurekodi.

Kuhusu run, anza na dr, subiri mpaka mshale wa butloda urudi, usiite inayofuata mstari wa kuandika haujaisha. da iache, hiyo inagusa na butloda na sasa hivi butloda ndo kitu pekee kizima ulicho nacho.